Safu Iliyokosekana Kwenye Daftari

Ndugu mwenyekiti, madaktari bingwa wa macho, wauguzi wenzangu, na ninyi mnaoshika daftari la foleni ya upasuaji na kuwapigia watu simu kuwaambia zamu yao imefika: hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuwapanga wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, yaani ule ukungu unaoiziba lenzi ya jicho. Nitazungumza kama muuguzi aliyelishika daftari hilo kwa miaka mingi, na aliyewahi kulikosea.

Daftari letu la mwanzo lilikuwa na safu tano. Tarehe ya kuandikishwa, jina, umri, jicho linalosubiri kupasuliwa, na kipimo cha jicho hilo kwenye chati ya herufi. Niliupenda utaratibu wake. Mtu akija anaandikwa chini ya aliyemtangulia, na siku ya kuita majina tunaanzia juu tunashuka. Hakuna kupendeleana, hakuna kuulizana wewe ni ndugu wa nani. Nikilifunga jioni nilikuwa naondoka na moyo mweupe.

Siku moja akaletwa mama mmoja mzee kwenye kiti cha magurudumu. Jina lake lilikuwa limekaa kwenye daftari miezi 11 na zamu yake ilikuwa imewadia. Nilidhani kiti ni kwa sababu ya uzee. Binti yake akanieleza kwamba miezi miwili nyuma mama alikosa ngazi ya mlangoni, akaanguka, nyonga ikavunjika. Ngazi ile ameipanda na kuishuka nusu ya maisha yake. Siku hiyo hakuiona.

Nikafungua daftari: jicho la kulia, 6/60. Yaani akisimama mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 60. Nikalifunika jicho la kulia ili nipime la kushoto. Akanyamaza, uso ameuelekeza kwenye chati, mikono mapajani. Nikamuuliza anaona nini. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hilo lilishakufa zamani." Presha ya jicho ilikuwa imelimaliza miaka mingi kabla hajafika kwetu.

Mama yule alikuwa akiishi kwa jicho moja, na jicho hilo moja ndilo lililokuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Kwenye daftari langu alikuwa amepanga mstari mmoja na watu ambao jicho lao la pili lilikuwa bado linasoma gazeti. Jicho la pili halikuwa na safu. Na safu zile nilizichora mimi, kwa rula na kalamu nyekundu, nikiamini kwamba zinatosha.

Ndiyo maana leo sitaanza na alama za kuamua nani atangulie, wala fomula. Naanza na lile nililojifunza siku ile: foleni ya tarehe hutuambia jambo moja tu, nani alifika kwanza. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Na hebu tuwatazame wanaotangulia. Ni mtu mwenye usafiri. Ni mtu mwenye kijana nyumbani wa kumshika mkono. Ni mtu aliyesoma, ambaye herufi zilipoanza kufifia alistuka mapema akaenda kupimwa. Aliyepofuka macho yote mawili hufika mwisho, kwa sababu hana wa kumleta, au kwa sababu watu wa nyumbani wamekubali kwamba uzee ndivyo ulivyo. Wanawake ndio wengi kati ya wasioona, na katika nchi nyingi ndio wanaopata upasuaji huu kwa uchache zaidi. Kwa hiyo tunapojivunia kwamba hatupendelei mtu kwa kuwa tunafuata tarehe, tujue tarehe yenyewe imeshapendelea kabla mgonjwa hajafika kwenye meza yetu.

Kuna atakayeuliza: kwa nini tuwe na foleni kabisa? Swali zuri, na halina jibu la kutupa fahari. Upasuaji wenyewe ni mfupi. Jicho lisilo na matatizo humalizika ndani ya nusu saa au chini ya hapo, mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya matone au ya sindano. Lenzi iliyochafuka inatolewa, ya bandia inawekwa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tangu daktari wa macho Harold Ridley aweke lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho la binadamu, London, mwaka 1949, kazi hii imekuwa ikiboreshwa mwaka hadi mwaka. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 94 wenye upungufu wa kuona au upofu uliosababishwa na mtoto wa jicho. Mikono ya kupasua ni michache kuliko macho yanayosubiri. Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika hilo zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 sehemu ya wanaohitaji upasuaji huu ambao wanaupata na kupata matokeo mazuri iongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Nalitaja lengo hilo kwa sababu nataka tukubaliane mapema: kupanga foleni hakuongezi jicho hata moja lililopasuliwa. Kunagawa uhaba tu. Yeyote atakayewaambia kwamba mfumo mzuri wa alama utamaliza foleni hajawahi kuiona foleni. Lakini uhaba ukigawanywa vibaya, anayevunjika nyonga ni yule yule siku zote.

Sasa tuwatoe kwanza wasiopaswa kuwemo kwenye foleni.

Mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho hana foleni. Ubongo wake unajifunza kuona katika wiki za mwanzo za maisha, na lenzi ikiwa imeziba, ubongo haupati cha kujifunzia. Lenzi ikiwa imeziba sana, madaktari hulenga kumpasua akiwa na umri wa wiki 6 hivi kama ni jicho moja, na karibu wiki 8 kama ni yote mawili. Ukimwandikia tarehe ya mwaka kesho, utakuja kuitoa ile lenzi na kukuta jicho safi lisiloona vizuri, maana ubongo ulishalizoea giza. Kwa mtu mzima unaweza kusema amechelewa lakini atapona. Kwa mtoto huyu kuchelewa kwenyewe ndio ugonjwa.

Hana foleni pia mtu ambaye lenzi yake imevimba mpaka ikasukuma sehemu ya mbele ya jicho na kupandisha presha, au imeiva kupita kiasi mpaka ikaanza kuvuja. Huyu anakuja na jicho jekundu, kichwa kinamgonga, anatapika, na familia inadhani ni tumbo. Saa zinahesabika hapo, mshipa wa fahamu wa jicho unakufa. Na yupo mgonjwa wa kisukari ambaye lenzi yake imekuwa nzito kiasi kwamba daktari hawezi kuiona retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Yeye mwenyewe pengine halalamiki sana. Lakini nyuma ya pazia lile mishipa ya damu inaweza kuwa inavuja, na hakuna anayeona wala anayeweza kutibu. Mtu wa namna hiyo asogezwe mbele hata kama kipimo chake cha chati hakitishi.

Hao tumewatoa. Waliobaki ndio wengi, na ndio wanaotutoa jasho.

Nianze na chati ya herufi, maana ndiyo tunayoiamini kuliko vyote. Chati ni kitu cha maana na sisemi tuitupe. Inatusaidia kumjua yule ambaye jicho lake bora liko chini ya 3/60, kipimo ambacho kimataifa huhesabiwa kuwa upofu. Mtu huyo hawezi kuhesabu vidole vyako ukisimama mita 3 mbele yake. Huyo hana mjadala, anatangulia. Lakini chati ina udhaifu ambao kila aliyeisimamia anaujua. Wagonjwa wetu hukaa kwenye benchi wakimsikiliza aliye mbele yao akisoma kwa sauti. Nimepima watu waliosoma mstari ambao hawakuuona, kwa sababu waliukariri wakiwa wanasubiri. Hawakuwa na nia ya kutudanganya. Ni ile haya ya mtu mzima kushindwa kusoma herufi mbele ya watu. Na malipo ya haya ile yalikuwa kuandikiwa kipimo kizuri na kusukumwa chini kwenye orodha.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Chati husomwa ndani ya chumba chenye mwanga mzuri uliopangwa, herufi nyeusi tii juu ya weupe. Maisha hayako hivyo. Kuna aina ya mtoto wa jicho anayekaa nyuma kabisa ya lenzi, katikati, mahali mwanga unapopita. Huwapata hata watu wasio wazee sana, wakiwemo wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mtu huyu chumbani kwako anasoma 6/9, karibu kila kitu. Mtoe nje kwenye jua. Mboni inajifunga kujikinga na mwanga, na pale ilipobaki tundu ndogo ndipo uchafu ulipo. Haoni. Dereva mmoja aliniambia kwamba taa za gari linalokuja usiku zinalipuka mbele yake kama mtu amemwagia maziwa kwenye kioo. Kwa chati alikuwa hana tatizo. Mwaka 2017 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba upasuaji wa mtoto wa jicho usizuiwe kwa kigezo cha kipimo cha chati peke yake. Nilipousoma nilimkumbuka dereva yule.

Basi tukiacha chati, tunauliza nini? Tunamuuliza mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1994 huko Marekani ilichapishwa fomu ya maswali 14 iliyoitwa VF-14, ikimuuliza mgonjwa anavyopata shida kusoma, kuona ngazi, kutambua watu, kupika, kuendesha gari. Sweden nao wakatengeneza ya kwao, Catquest, ambayo toleo lake fupi lina maswali 9 tu. Nimezisoma zote mbili na nimetumia maswali yanayofanana nazo. Nawaambia ukweli, swali moja lililoulizwa vizuri huzidi kumi yaliyosomwa kwa haraka kutoka kwenye karatasi.

Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza hilo. Mzee mmoja alikuwa anajibu kila swali langu kwa neno moja, "naweza." Kusoma? Naweza. Kutembea peke yako? Naweza. Kujihudumia? Naweza. Nilikuwa naelekea kumwandikia alama za chini. Kisha akaomba maji. Kwenye meza palikuwa na jagi na kikombe. Akapapasa mpaka akakipata kikombe, akaingiza kidole cha shahada ndani yake, akakikunja kwenye ukingo, akaanza kumimina. Maji yalipogusa kidole akaacha. Hakumwaga hata tone. Alifanya vile kwa ufundi wa mtu ambaye amefanya miezi mingi. Nikaweka kalamu chini. "Naweza" yake ilikuwa kweli. Aliweza kila kitu, kwa kidole. Tangu siku hiyo siulizi kama mtu anaweza. Nauliza anafanyaje. Nauliza kitu gani alikuwa anakifanya mwaka jana na sasa amekiacha. Watu wazima wa heshima hawasemi "sioni." Wanasema "siku hizi sipendi kutoka usiku," "kusoma nimechoka," "mahesabu nimemwachia mwanangu." Ukisikia mtu ameacha kupenda kitu alichokipenda, mpime tena.

Nchi zilizojaribu kuweka haya yote kwenye alama zimetufundisha mengi, kwa mazuri yao na kwa makosa yao. New Zealand katika miaka ya 1990 walitengeneza vigezo vya kutoa alama kwa upasuaji wa aina kadhaa, wa mtoto wa jicho ukiwemo. Walihesabu kipimo cha kuona, usumbufu wa mwanga mkali, magonjwa mengine ya jicho, ugumu wa shughuli za kila siku, ulemavu mwingine kama uziwi, na pia kama mtu anashindwa kufanya kazi, kulea wanaomtegemea au kuishi bila msaada. Jumla ya alama ilikuwa 100. Naisifu orodha ile kwa jambo moja: iliandikwa hadharani. Mgonjwa angeweza kujua amewekwa wapi na kwa nini. Lakini iliambatana na kizingiti, na ambaye alama zake hazikukifikia alirudishwa kwa daktari wake wa kawaida. Alama zikishakuwa mlango, daktari mwenye huruma hupata kishawishi cha kuziongeza ili mgonjwa wake apite, na mgonjwa wa daktari mnyoofu ndiye anayeumia. Fomu iliyokusudiwa kuleta haki inaishia kupima moyo wa anayeijaza.

Hapo kwenye kazi na ulezi nina maoni yangu, nanyi mna haki ya kunipinga. Kulea kuhesabiwe, na kuishi peke yako kuhesabiwe. Bibi anayelea wajukuu akiwa haoni jiko ni hatari ya watu wanne. Mtu anayeishi peke yake hana wa kumwambia kwamba dawa aliyoshika siyo. Lakini mshahara usihesabiwe kwa kuwa ni mshahara. Tukianza kusema huyu anaingiza fedha nyingi zaidi, tutamkuta mwenye ofisi mbele na mfuma mikeka nyuma, wakati mfumaji ndiye ambaye jicho likizimika hana kingine. Na umri, kwa kumwongezea au kumpunguzia mtu, siukubali. Nimesikia ikisemwa kwamba mtu wa miaka 90 hana haja ya kuharakishwa. Miezi minane kwa mtu wa miaka 90 ni sehemu kubwa ya maisha aliyobakiwa nayo. Akikaa miezi hiyo gizani, hakuna wa kumlipa.

Jambo la muda nalo linahitaji kusemwa, kwa sababu alama peke yake zina hila yake. Mwenye alama za chini anaweza kusubiri milele. Kila wiki anaingia mwenye shida zaidi, anakaa juu yake, na yeye anasukumwa chini tena, bila mtu yeyote kuamua kwamba asipasuliwe. Canada mwaka 2005 waliweka ukomo: wenye hatari kubwa wapasuliwe ndani ya wiki 16. Sweden wana dhamana ya siku 90 kwa matibabu yaliyopangwa. Na uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa Canada mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliosubiri zaidi ya miezi 6 walielekea kupoteza zaidi uwezo wa kuona, hali ya maisha yao kushuka, na kuanguka mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mimi nasimama hapa: shida ya mgonjwa ndiyo impe nafasi, lakini kusubiri kwenyewe kumwongezee uzito kila mwezi unaopita, na uwepo ukomo ambao ukifika, mtu anaitwa hata kama alama zake ni ndogo.

Na nikitaja kuanguka, namrudia mama yangu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nottingham, Uingereza. Wanawake 306 wenye umri wa zaidi ya miaka 70 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapasuliwa jicho la kwanza ndani ya wiki 4 hivi, wengine wakasubiri miezi 12 kama ilivyokuwa kawaida. Waliopasuliwa mapema, idadi ya kuanguka kwao ilikuwa pungufu kwa asilimia 34. Niliusoma usiku, nikausoma tena. Miezi 12. Mama yule kwenye daftari langu alikaa 11. Sisemi kwamba angepasuliwa mapema asingeanguka. Hakuna wa kulijua hilo. Nasema kwamba mtu mwenye jicho moja, aliyewahi kuanguka au anayetembea kwa fimbo, anasubiri akiwa amesimama kwenye ukingo, na daftari lazima limwone.

Jicho la pili sasa. Hapa ndipo wenzetu wengi hugombana. Mtu amepasuliwa jicho moja, anaona vizuri, anataka na la pili. Wakati huohuo kuna mtu ambaye hajapasuliwa hata moja na haoni. Wengine husema jicho la pili ni anasa. Siyo anasa. Utafiti uliofanyika Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliopasuliwa jicho la pili bila kusubiri waliona nafuu ya kweli katika maisha yao kuliko walioachwa na jicho moja. Macho mawili yasiyolingana hayakadirii umbali. Ngazi inakuwa juu zaidi au chini zaidi ya ilipo. Hata hivyo, nikiwa na nafasi moja Alhamisi asubuhi, nampa asiyeona kabisa, na huyu wa pili namweleza uso kwa uso kwa nini. Wengi hukubali. Anayekasirika siku zote ni yule aliyeambiwa "subiri" bila maelezo. Siku hizi baadhi ya hospitali hupasua macho yote mawili siku moja, kila jicho na vifaa vyake vilivyosafishwa peke yake kama ni wagonjwa wawili tofauti. Kwa mgonjwa anayefaa, na kwa anayetoka mbali au anayehitaji ganzi ya usingizi, ni njia ya kutazamwa kwa makini, maana humtoa mtu kwenye foleni mara moja badala ya mara mbili.

Kuna jambo ambalo madaktari hawapendi nilitaje, nami nalitaja kwa heshima. Hospitali ikipimwa kwa idadi ya macho yaliyopasuliwa kwa mwezi, macho mepesi hutangulia. Lenzi iliyokomaa na kuwa ngumu kama kokwa, mboni isiyofunguka, mgonjwa anayetetemeka asiyeweza kulala chali, hao hula muda wa macho mawili au matatu mepesi. Hakuna anayesema "tuwaache." Inasemwa tu "huyu tumpangie siku ya nafasi." Siku ya nafasi haiji. Nimeona jina likihamishwa kutoka ukurasa hadi ukurasa mara nne, kila mara kwa mwandiko mzuri. Mgonjwa aliyefikia hali hiyo mara nyingi alianza akiwa mwepesi. Sisi ndio tuliomkawiza mpaka akawa mgumu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kutenga nafasi kwa ajili yao kila wiki, kabla ya kuweka jina lolote jepesi, na kumpa daktari mzoefu zaidi siku hiyo.

Na zile simu. Mnazijua. Mtu mwenye cheo anapiga, anaomba mzazi wake asogezwe. Siwezi kuwaambia zitaisha. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba tuliongeza safu moja yenye kichwa "sababu ya kusogezwa," na anayemsogeza mtu anaandika sababu hiyo na kutia sahihi. Sababu ya ugonjwa inaandikika: jicho pekee, presha imepanda, anaanguka. Ile nyingine inagoma kuandikika. Simu hazikwisha, lakini waliokuwa wakiniagiza nisogeze majina walipoona kalamu wanapewa wao, wengi waliirudisha.

La mwisho kwangu ni hili la kurudia kumtazama mtu. Siku ya kuandikishwa tunampima, tunampa nafasi, kisha tunaliacha jina. Lenzi haikai ikisubiri zamu. Mtu aliyeingia na 6/18 anaweza kuwa kwenye 6/60 baada ya miezi kadhaa, huku daftari likiendelea kumwita mwenye 6/18. Ndiyo maana sisi huwapigia simu wote walio kwenye orodha kila baada ya miezi mitatu. Simu moja ni dakika tano. Tunauliza maswali sita: Jicho la pili likoje sasa? Umeanguka tangu tulipozungumza? Kuna kitu umeacha kukifanya? Unaishi na nani, na kuna anayekutegemea? Jicho limeuma au kuwa jekundu? Mwanga wa jua au wa taa unakusumbua kuliko zamani? Tukipiga mara tatu bila kupata jibu hatufuti jina. Tunamtafuta ndugu aliyeandikishwa naye, kwa sababu anayeshindwa kupokea simu huenda ni yule asiyeziona tena namba.

Mwezi uliopita mwenzangu alimpigia mzee aliyekuwa nafasi ya chini kabisa kwenye ukurasa. Mkewe ndiye aliyepokea. Alipoulizwa kama mzee ameacha kitu, akasema hapana, hajaacha kitu, ila siku hizi anakaa mlangoni kutwa nzima. Mwenzangu akauliza kwa nini mlangoni. Mke akasema, "Ndipo penye mwanga." Aliletwa wiki hiyohiyo. Macho yote mawili yalikuwa yanahisi mwanga tu. Alipasuliwa la kwanza siku tisa baadaye.

Karatasi yenye maswali hayo sita iko pale mezani karibu na mlango, nakala za kutosha kila mmoja. Ichukueni, ipunguzeni au iongezeeni kufuatana na wagonjwa wenu. Na mkikuta swali linalomwacha mtu nje, kama safu zangu tano zilivyomwacha yule mama, naomba mnitumie ujumbe ili nasi tuibadilishe ya kwetu. Asanteni kwa kunisikiliza.